Zoezi la Michigan kwa wakimbiaji wa Mbeya na Nyanda za Juu Kusini: uwanjani, barabarani, kisha uwanjani tena

Msimu wa mbio ukikaribia, maswali huwa yaleyale. "Barabarani nikimbie kasi gani?" "Napumzika wapi?" "Uwanja wetu hauna hata mstari mmoja, nitajuaje nimefikisha 1,600?" Wanaouliza ni vijana wa vikundi vya jogingi, walimu wa michezo wa sekondari, na watu wazima ambao wameshakimbia kilomita 10 mara kadhaa na sasa muda wao umegoma kushuka. Mwongozo huu ni wao. Nimeuandika kwa mazingira ya Mbeya na Iringa, lakini aliyeko Njombe, Mafinga au Makambako atautumia bila kubadilisha kitu kikubwa.

Zoezi lenyewe ni hili

Linaitwa Michigan kwa sababu lilitoka kwa kocha Ron Warhurst wa Chuo Kikuu cha Michigan, Marekani, aliyeanza kufundisha wakimbiaji pale miaka ya 1970. Mmoja wa waliopita mikononi mwake ni Nick Willis wa New Zealand, mwenye medali mbili za Olimpiki za mita 1,500, ya Beijing 2008 na ya Rio 2016.

Mpangilio wake: mita 1,600 uwanjani, kilomita 2 barabarani, mita 1,200 uwanjani, kilomita 2 barabarani, mita 800 uwanjani, kilomita 2 barabarani, halafu mita 400 za kumalizia. Uwanjani unapata mita 4,000, barabarani 6,000. Jumla kilomita 10 za kazi, ukiacha kupasha mwili na kupooza.

Shika hili kabla ya yote: kazi kubwa iko barabarani. Wengi wanaojaribu mara ya kwanza huzikimbia raundi za uwanjani kwa hasira, kisha wakitoka getini wanajikokota wakisema wanapumzika. Hapo umefanya zoezi jingine kabisa, tena jepesi. Zoezi hili linafundisha kushika mwendo wa maana huku miguu ikiwa tayari imechoka, kisha kuongeza kasi tena pale mwili unapotaka kukataa. Watanzania tumeona faida ya uwezo huo Septemba 2025 mjini Tokyo, Alphonce Simbu alipotwaa ubingwa wa dunia wa marathoni. Yeye na Mjerumani Amanal Petros waliandikiwa muda mmoja, saa 2, dakika 9 na sekunde 48, na tofauti yao ilikuwa sekunde 0.03. Baada ya kilomita 42 bado kulikuwa na mbio za kasi za kukimbiwa.

Je, uko tayari?

Usilianze kama bado hujaweza kukimbia kilomita 12 bila kusimama, kwa mwendo unaokuruhusu kuongea sentensi nzima. Uwe pia umezoea kukimbia walau siku nne kwa wiki kwa miezi mitatu au zaidi, na usiwe na maumivu yanayokufanya uchechemee. Mwenye presha, pumu, kisukari au tatizo la moyo apite kituo cha afya kwanza na aeleze waziwazi anachotaka kufanya.

Kama hujafikia hapo, lipo la nusu: mita 800, kilomita 1 barabarani, mita 600, kilomita 1, mita 400, kilomita 1, mita 200. Jumla kilomita 5. Maelekezo ni yaleyale. Lifanye hilo mara mbili tatu, kwa nafasi ya wiki tatu kila mara, ndipo uingie kwenye zima.

Vitu vya kuandaa

- Raba moja uliyozoea, itakayotumika uwanjani na barabarani. Usibadilishe viatu katikati. Kufunga na kufungua kamba kunakula muda, mwili unapoa, na mpangilio wote unaharibika.
- Saa ya mkononi inayopima sekunde. Ya bei ndogo inatosha.
- Maji, angalau lita moja, yabaki uwanjani.
- Sweta au koti la kuvaa kabla na baada. Juni na Julai asubuhi za Mbeya hushuka chini ya nyuzi 10, na Njombe ndiyo usiseme. Kofia ya sufi na soksi za mikononi si anasa miezi hiyo.
- Mtu mmoja wa kukaa uwanjani: anashika maji, simu na nguo, anasoma muda wa kila raundi kwa sauti. Akiwa na filimbi ni bora zaidi.
- Daftari na kalamu.
- Ruhusa. Uwanja wa Sokoine Mbeya na wa Samora Iringa vina wasimamizi na vina ratiba za mechi na mazoezi ya timu. Nenda siku moja kabla, salimia, uliza. Kwa uwanja wa shule, ongea na mkuu wa shule au mwalimu wa michezo, na uwahi kuondoka kabla wanafunzi hawajafika.

Chagua kipande cha barabara

Unahitaji kilomita moja tu. Utaikimbia kwenda, utageuka, utarudi, na zitakuwa mbili zinazoishia palepale getini. Njia hii ina faida tatu. Unamaliza karibu na uwanja, mtu wako anakuona ukirudi, na mlima wa kwenda unageuka kuwa mteremko wa kurudi.

Hilo la mlima ni la msingi kwetu. Mbeya mjini imelala chini ya mlima Loleza, na barabara nyingi ama zinapanda kuelekea huko ama zinashuka kuelekea Mafiati na barabara kuu. Tafuta barabara inayokata ubavu wa mlima, inayokwenda pembeni badala ya kupanda moja kwa moja. Iringa nako usithubutu kuchagua kipande cha Ipogolo kupanda mjini. Kile kinafaa siku ya mazoezi ya mlima, ambayo ni habari nyingine.

Barabara kuu ya TANZAM iache kabisa. Malori ya Tunduma hayana nafasi ya kukukwepa, na bodaboda wanaoyapita hawakutazamii. Chagua barabara ya mtaa yenye lami au udongo ulioshikana, na ukimbie upande wa kulia ili magari na bajaji zije zikikutazama usoni. Alfajiri yenye ukungu vaa kitu cheupe au kizibao kinachong'aa.

Weka alama ya kugeukia ambayo haihami: nguzo ya umeme, kona ya ukuta, mti mkubwa. Gari la chipsi si alama.

Pima uwanja wako

Hapa ndipo watu wengi wanapopotea, kwa hiyo nitakaa kidogo.

Uwanja wa riadha una mita 400 ukikimbia njia ya kwanza, ya ndani kabisa. Kila njia unayosogea nje inaongeza kama mita 7 na nusu kwa raundi. Msimu wa mvua njia ya ndani huwa dimbwi, watu wanahamia ya tatu bila kufikiri. Raundi ya njia ya tatu ina karibu mita 415. Ukizunguka mara nne umekimbia mita 60 zaidi, na kwa mwendo wa dakika 4 kwa kilomita hizo ni sekunde 14 hivi. Unaangalia saa, unaona umechelewa, unaongeza kasi, na zoezi linakuua kwenye kilomita ya pili ya barabara.

Uwanja wa mpira wa kawaida, ukizunguka kwenye mistari yake, ni mfupi kuliko 400. Wenye vipimo vya mita 105 kwa 68 mzunguko wake ni mita 346. Viwanja vya shule hutofautiana sana, kwa hiyo usikisie.

Kupima si kazi ngumu ukiwa na baiskeli:

1. Jaza upepo tairi la mbele. Paka chokaa au rangi alama moja pembeni mwa tairi.
2. Simamisha baiskeli alama ikiwa imegusa ardhi, na chora mstari chini.
3. Isukume kwa kunyoosha hadi alama iguse ardhi mara ya kumi. Chora mstari wa pili.
4. Pima kati ya mistari hiyo kwa futi, halafu gawanya kwa kumi. Tuseme umepata mita 21 na senti 20. Mzunguko mmoja wa tairi ni mita 2.12.
5. Sasa sukuma baiskeli kuzunguka uwanja, ukihesabu. Kwa tairi hilo, mizunguko 189 inakupa mita 400 na senti 68, ambazo zinatosha kabisa.

Uwe na mwenzako wa kuhesabu kwa sauti, au weka kijiwe mfukoni kila ukifika ishirini. Ukishajua urefu wa raundi, chomeka vijiti pale 1,600, 1,200, 800 na 400 zinapoanzia, ili zote ziishie sehemu moja karibu na geti. Barabara pia ipime kwa baiskeli hiyohiyo, kwa siku nyingine. Saa za setilaiti husaidia barabarani, lakini kwenye kona za uwanja huwa zinadanganya, nami sishauri kuziamini huko.

Hesabu ya kasi

Chukua muda wako wa kilomita 10 wa karibuni, wa kweli, uliokimbia ndani ya miezi miwili iliyopita. Usichukue wa mwaka juzi wala ule unaoutamani. Kasi yake ndiyo kasi ya 1,600. Ya 1,200 iwe pungufu ya sekunde 3 au 4 kwa kila raundi. Ya 800 iwe pungufu ya sekunde 6 hadi 8 kwa raundi ukilinganisha na ile ya kwanza. Barabarani ongeza sekunde 25 hadi 30 kwa kila kilomita juu ya kasi yako ya kilomita 10. Ya 400 haina hesabu: ni kilichobaki.

Kwa mifano:

- Unakimbia kilomita 10 kwa dakika 35: 1,600 kwa 5:36, 1,200 kwa 4:03, 800 kwa 2:36. Kilomita 2 za barabara kwa 7:50.
- Dakika 40: 1,600 kwa 6:24, 1,200 kwa 4:39, 800 kwa 2:58. Barabara 8:50.
- Dakika 45: 1,600 kwa 7:12, 1,200 kwa 5:12, 800 kwa 3:20. Barabara 10:00.
- Dakika 50: 1,600 kwa 8:00, 1,200 kwa 5:48, 800 kwa 3:44. Barabara 11:00.

Neno kwa wageni. Mbeya iko kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, na mgandamizo wa hewa huku ni pungufu kwa karibu moja ya tano ukilinganisha na pwani. Kama muda wako umeupata Dar es Salaam au Tanga, ongeza sekunde 7 hadi 10 kwa kilomita kwenye kasi zote isipokuwa 400, na usilifanye zoezi hili kabla hujakaa huku wiki mbili au tatu. Waliozaliwa na kukimbilia hapahapa hawahitaji kuongeza kitu, maana muda wao tayari una mwinuko ndani yake.

Hatua kwa hatua

1. Usiku wa kuamkia, kula wali au ugali wa kutosha na mboga, maharage yasizidi. Lala mapema. Siku iliyotangulia iwe ya kukimbia kidogo tu au kupumzika.

2. Saa mbili kabla ya kuanza, kunywa chai yenye sukari na mkate, au ndizi mbili zilizoiva. Ukianza saa 1 asubuhi ina maana ya kuamka saa 11 alfajiri. Ni mapema, ndiyo, lakini tumbo lililojaa na raundi za uwanjani havipatani. Anayeshindwa kuamka ale ndizi moja nusu saa kabla na aridhike nayo.

3. Pasha mwili dakika 15 hadi 20 kwa kukimbia polepole sana. Baridi ya huku inadai muda zaidi kuliko ya pwani, usiifupishe. Kisha zungusha viungo, inua magoti, piga visigino makalioni. Malizia kwa mbio fupi nne za mita 80, kila moja ikiwa na kasi zaidi kidogo. Vua sweta mwishoni kabisa.

4. Mita 1,600. Raundi ya kwanza itakuwa rahisi mno na utadhani umekosea hesabu. Hujakosea. Msomaji wa saa akikuambia umewahi kwa zaidi ya sekunde 2, punguza palepale. Ukimaliza, unatakiwa uweze kusema maneno matatu manne bila kushika magoti.

5. Tembea na kujogi dakika 3 kuelekea getini. Usikae. Kunywa mafunda mawili ya maji.

6. Kilomita 2 za barabara, mara ya kwanza. Nenda nazo kwa uangalifu, maana hapa ndipo zoezi linapoamuliwa. Mita 300 za mwanzo miguu itakuwa mizito na pumzi bado iko juu kutoka uwanjani. Usipambane nayo na usisimame. Shusha mabega, fungua viganja, toa pumzi kwa nguvu kuliko unavyoivuta, na ushike mwendo. Karibu na alama ya kugeukia utashangaa kuona pumzi inarudi huku ukiendelea kukimbia. Hicho ndicho ulichokuja kukitafuta. Ukianza kujisikia vizuri utatamani kuongeza kasi njiani kurudi, hasa kama kuna mteremko. Usiongeze. Kama kilomita ya kwenda inapanda, itachukua sekunde kadhaa zaidi na ya kurudi itapungua, kwa hiyo angalia jumla ya zote mbili.

7. Dakika 3 za kujogi, kisha mita 1,200. Raundi ya kwanza mwili utasitasita kubadili mwendo, kwani umezoea hatua ndefu tulivu za barabarani. Fupisha hatua, harakisha mikono, miguu itafuata. Raundi ya pili ndiyo ngumu. Ya tatu hujisukuma yenyewe kwa sababu unaona mwisho.

8. Dakika 3, kisha kilomita 2 za barabara mara ya pili. Hakuna sehemu ngumu kuliko hii. Uko katikati, uzuri wa kuanza umeisha na mwisho hauonekani. Gawanya njia vipandevipande: hadi dukani, hadi kona, hadi kwenye alama. Ukichelewa sekunde 10 jumla si tatizo. Ukichelewa zaidi ya 20, ulianza kwa kasi kubwa uwanjani, na dawa yake ni kupunguza 800 ifuatayo kwa sekunde 4 au 5, umalize zoezi salama.

9. Dakika 3, mita 800. Raundi mbili zilizo sawa. Akili ikikuambia uikimbie kama mashindano, ikatalie.

10. Dakika 3, kilomita 2 za mwisho. Watu wengi huziona nyepesi kuliko za pili. Kaa palepale kwenye mwendo wako, na mita 200 za mwisho anza kuinua magoti kidogo kuiandaa miguu.

11. Dakika 3 au 4, halafu mita 400. Mita 200 za kwanza kwa kasi kubwa iliyotulia, za mwisho toa vyote. Uso usikunjwe, mikono isivuke kifua. Ukiona umbo linavunjika, shingo imekakamaa na miguu inatua kwa kishindo, punguza kidogo na umalize ukiwa unakimbia vizuri.

12. Usilale chini. Tembea, vaa sweta haraka kabla jasho halijapoa, kisha jogi dakika 10. Kula ndani ya saa moja: uji wa lishe, maziwa, mayai, parachichi la Rungwe na mkate, chochote ulichonacho chenye wanga na protini.

13. Andika. Muda wa kila kipande, hali ya hewa, na jinsi ulivyojisikia kwenye kilomita 2 za pili. Mstari huo wa mwisho utakufaa kuliko namba zote.

Siku mbili zinazofuata ni za kukimbia taratibu au kupumzika. Lirudie baada ya wiki tatu au nne, si kabla. Na usilifanye ndani ya siku 10 kabla ya mashindano.

Makosa ninayoyaona sana

Kubwa kuliko yote ni kulifanya kwa kikundi bila kujipanga kwa kasi. Watu kumi na watano wanatoka pamoja, wa dakika 38 na wa dakika 55, na ndani ya raundi mbili kila mtu anamkimbiza aliye mbele yake. Gawanyeni makundi kwa muda wa kilomita 10, kila kundi lipishane na jingine dakika mbili. Aliye na nguvu zaidi katika kundi akae nyuma, asiongoze. Kocha au kiongozi wa kikundi asione haya kumwondoa mtu kwenye kundi lisilo lake. Nimewaona vijana wenye vipaji wakiumia kwa sababu tu hakuna mkubwa aliyewaambia wapunguze.

La pili ni kurefusha mapumziko. Dakika 3 zinageuka 6, kwa sababu kuna stori na picha za simu. Zikizidi 4, nguvu ya zoezi imeondoka. Msomaji wa saa apige filimbi dakika ya pili na nusu.

La tatu ni kuongeza vitu. Mtu anasoma, anapenda, anaongeza 1,600 nyingine mwanzoni. Kilomita 10 zinatosha.

Likikukwama

*Kichomi ubavuni.* Mara nyingi ni chakula au maji mengi kwa mkupuo. Punguza mwendo mita 100, toa pumzi yote nje mguu wa upande usiouma unapotua, na ubonyeze mahali panapouma kwa vidole. Kikiendelea, tembea dakika moja kisha uendelee.

*Ugoko unauma siku inayofuata.* Angalia raba kama soli imelala upande mmoja. Angalia pia kama ulikuwa unazunguka upande mmoja tu kwenye kona kali za uwanja wa mpira. Wakati wa kupasha na kupooza zunguka upande wa pili. Maumivu yakiwa ya sehemu moja ndogo kwenye mfupa, yanayouma ukibonyeza kwa kidole, acha kukimbia na umwone mtaalamu, kwa kuwa hayo huweza kuwa ufa wa mfupa.

*Mkano wa kisigino unakaza asubuhi.* Barabara zetu za miinuko huuchosha. Badilisha kipande cha barabara kwa kilicho tambarare zaidi, na uache 400 ya mwisho hadi upone.

*Nilimaliza vyote isipokuwa 400 haikuwa na kasi hata kidogo.* Kama ilikuwa polepole kuliko raundi za 800, umechoka kupita kiasi. Punguza kasi ya barabara kwa sekunde 10 kwa kilomita safari ijayo, acha ya uwanjani kama ilivyo.

*Kifua kinabana, kizunguzungu, macho yanafifia.* Acha hapohapo. Keti, mwenzako akae nawe, na uende hospitali siku hiyohiyo hata kama hali imepoa. Hakuna zoezi lenye thamani ya kulazimisha hapa.

*Mbwa barabarani.* Alfajiri hawajafungwa bado. Pita njia hiyo kwa kujogi siku moja kabla, saa ileile, ujue walipo. Akikufuata, simama, mtazame, rudi nyuma taratibu. Ukikimbia ndiyo umemwita.

*Upepo na vumbi, Septemba na Oktoba.* Anza mapema zaidi, kabla upepo haujaamka. Uwanjani usifuate saa siku hiyo, kimbia kwa nguvu zilezile pande zote, raundi zitachelewa na ni sawa.

*Mvua imeugeuza uwanja kuwa tope.* Kuanzia Novemba hadi Aprili hili litakukuta tu. Usiteleze kwenye tope kwa kasi ya 800, utachana misuli ya paja. Lihamishe zoezi lote barabarani kwa dakika: geuza 1,600, 1,200 na 800 kuwa muda wako ulioandikwa hapo juu, kimbia kwa nguvu ileile hadi dakika ziishe, jogi dakika 3, kisha kilomita 2 kama kawaida. Ya 400 ifanye kwenye kipande kilichonyooka kinachopanda kidogo, ambako kasi haitakuwa ya kuhatarisha kwenye lami iliyolowa. Asubuhi ndiyo salama zaidi, maana mvua zetu nyingi hunyesha mchana na jioni. Daftarini andika "barabara tupu", ili usije ukalinganisha muda huo na wa uwanjani.